Maktaba ya Mtandaoni Hupimwa Vipi, na Nani Hasa Anayepimwa?

Kila takwimu za matumizi ya maktaba za mtandaoni zinapotolewa vyuoni, mabishano huwa yale yale. Wa upande wa maktaba husema wanafunzi hawasomi: majarida yamelipiwa, milango iko wazi, waingiaji hawaonekani. Wanafunzi nao husema huko hakuna kitu, ukitafuta hupati, afadhali Google. Mwisho wake huitishwa semina. Watu hujaa ukumbini, huonyeshwa slaidi, hugawiwa vipeperushi, na muhula unaofuata takwimu hazijasogea.

Katikati ya mabishano hayo kuna swali ambalo haliulizwi inavyostahili: je, mlango wenyewe unafunguka? Sizungumzii kama seva inafanya kazi. Nauliza kama mtu wa kawaida, mwenye simu yake na haja ya kweli, anaweza kuingia, akapata anachokitafuta na kuondoka nacho. Swali hilo lina namna yake ya kujibiwa, iitwayo kupima urahisi wa matumizi, imezoeleka duniani kwa zaidi ya miaka 40, na haihitaji fedha nyingi. Ila inachanganywa mno na mambo mengine yanayofanana nayo kwa jina.

Tuanze na vitu vyenyewe. Tunaposema "maktaba ya mtandaoni" ya chuo, mara nyingi tunataja vitu kadhaa vilivyounganishwa. Kuna katalogi, yaani orodha ya vitabu vilivyoko rafuni; vyuo vingi vya Afrika Mashariki huiendesha kwa Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000. Kuna hazina ya chuo, zinakowekwa tasnifu na makala za wanachuo wenyewe, na hapo inayotumika sana ni DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Kuna kanzidata za majarida ya nje, yaani mikusanyo ya makala zake inayotafutika mtandaoni. Hizi chuo huzilipia kupitia ushirika wa maktaba, kama COTUL kwa Tanzania, KLISC kwa Kenya na CUUL kwa Uganda, au huzipata bure ama kwa bei nafuu kupitia Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 na HINARI ya afya, kisha mwaka uliofuata ikaja AGORA ya kilimo. Halafu kuna ukurasa wa mbele wa maktaba, ambao kazi yake ni kumwelekeza msomaji aende wapi kati ya hivyo vyote.

Kwa mkutubi, hivyo ni vitu vinne tofauti, kila kimoja na mwenyewe, mkataba wake na nywila yake. Kwa mwanafunzi vyote ni kitu kimoja: maktaba. Matatizo mengi huanzia hapo.

Sasa, urahisi wa matumizi ni nini? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotoka mwaka 1998 na kuhuishwa 2018, huutazama kwa pande tatu: mtumiaji amefanikisha alichokusudia au la, imemgharimu muda na jitihada kiasi gani, na ameridhika au ameondoka na kinyongo. Kiwango hicho kinasisitiza pia kwamba urahisi hupimwa kwa watumiaji fulani, wenye lengo fulani, katika mazingira fulani. Ndiyo maana hakuna tovuti ambayo ni rahisi tu kwa jumla. Ile inayomfaa profesa mwenye kompyuta ofisini na intaneti ya chuo inaweza kumshinda mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeko hosteli na bando la siku.

Kupima urahisi huo, basi, ni kumkalisha mtu anayefanana na msomaji wako, kumpa kazi ya kweli, kisha kumtazama anavyoifanya huku wewe umenyamaza. Ukitaka kujua kama mabango ya Stendi ya Magufuli pale Mbezi yanaeleweka, huendi kumwuliza wakala wa mabasi anayeshinda pale tangu alfajiri. Unamfuata kwa nyuma abiria aliyefika kwa mara ya kwanza na tiketi yake ya Tanga, uone anasimama wapi, anapotelea wapi, anamwuliza nani. Mkutubi aliyeitengeneza tovuti ndiye yule wakala. Anaijua mno hata hawezi tena kuona panapopoteza watu.

Tutazame kazi moja kwa karibu. Mshiriki ni mwanafunzi wa kilimo, mwaka wa tatu. Anapewa karatasi iliyoandikwa: "Unaandaa ripoti kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoshambulia mihogo. Tafuta makala moja ya kitaaluma ya miaka ya karibuni na uifungue uweze kuisoma yote." Angalia maelezo hayo yasivyotaja kanzidata, wala rasilimali za kielektroniki, wala kitufe chochote kilichopo kwenye ukurasa. Ukimwandikia "ingia AGORA", umeshamwonyesha njia, na jaribio limekufa kabla halijaanza.

Anaombwa pia aseme kwa sauti anachokiwaza. Mbinu hiyo iliingizwa katika upimaji wa programu za kompyuta na Clayton Lewis wa IBM mwaka 1982, na mpaka leo ndiyo nguzo ya kazi hii. Hapa kwetu nina shauri moja ambalo nalishikilia: mwache aseme kwa lugha anayowazia, iwe Kiswahili, iwe Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Ukimlazimisha awaze kwa sauti kwa Kiingereza kitupu, atanyamaza, na kimya chake hutaweza kukisoma.

Anaanza. Juu ya ukurasa kuna kisanduku cha kutafutia, anaandika "ugonjwa wa mihogo". Yanakuja matangazo ya semina na ratiba ya maktaba wakati wa mitihani, kwa sababu kisanduku kile kinatafuta habari za tovuti tu, hakigusi majarida. "Mh, hakuna." Anaangalia menyu: OPAC, IR, E-resources. Anabonyeza OPAC kwa kuwa iko mwanzo. Ni katalogi ya vitabu. Anaandika jina la ugonjwa kwa Kiingereza, anapata sifuri. Hakuna sentensi inayomwambia kwamba makala za majarida hazikai humo. Anarudi, anaingia IR, anapata tasnifu mbili nzuri, lakini yeye alitaka makala. Mwisho anafungua E-resources na kukutana na orodha ndefu ya majina kwa mpangilio wa alfabeti, AGORA, AJOL, Emerald, HINARI, JSTOR na mengineyo, bila hata mstari mmoja wa kueleza lipi lina nini. Anachagua JSTOR kwa sababu amewahi kulisikia. Anadaiwa jina na nywila. Zipi? Za SARIS, mfumo wa chuo wa usajili na matokeo? Namba ya kadi ya maktaba? Barua pepe ya chuo? Anajaribu za SARIS, zinakataliwa kwa ujumbe wa Kiingereza usioeleza kosa. "Hii itakuwa inataka hela." Kisha anamgeukia msimamizi wa jaribio na kusema, "Samahani mwalimu, mimi kompyuta si mzuri sana."

Nimeutunga mfuatano huo kwa kukusanya makosa yanayojirudia kwenye tovuti za namna hii, na sentensi ya mwisho ndiyo inayoniuma kuliko yote. Mwanafunzi amekutana na makosa matano ya tovuti na ameyabeba yote yeye. Kwa hiyo maneno ya kwanza ya msimamizi, kabla karatasi haijafunguliwa, yanapaswa kuwa: tunaipima tovuti, hatukupimi wewe, ukikwama, umetusaidia. Na msimamizi asiwe mhadhiri wake. Kijana wetu aliyelelewa kwa shikamoo hawezi kumwambia mkubwa wake usoni kwamba kazi yake ni mbovu. Atasema "ni nzuri tu, mwalimu". Mpe mwanafunzi mwenzake amsimamie, uone maneno yatakavyotoka.

Mtazamaji naye haandiki "mshiriki hana ujuzi". Anaandika alichokiona: kisanduku kinatafuta mahali pasipotarajiwa, vifupisho havieleweki, matokeo sifuri hayaelekezi popote, orodha haina maelezo, ukurasa wa kuingilia hausemi nywila ipi. Yote matano yana dawa ya bei ndogo. Weka "Tafuta makala", "Tafuta vitabu", "Tasnifu za chuo chetu" mahali pa vifupisho. Chini ya matokeo sifuri weka kiungo cha kwenda kwenye majarida. Pembeni ya kisanduku cha nywila andika sentensi moja: tumia namba yako ya usajili na nywila fulani. Hapo kinachohitajika ni ruhusa ya kuubadilisha ukurasa.

Kuhusu vifupisho na majina, tusidhani ni shida ya kwetu peke yetu. John Kupersmith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya hadi mwaka 2012 matokeo ya majaribio ya tovuti za maktaba mbalimbali. Katika majaribio yaliyotoa takwimu, watumiaji walifanikiwa kupata makala au kanzidata za makala kwa wastani wa asilimia 52 tu. Maneno yaliyowakwamisha yalikuwa yale wakutubi wanayoyapenda: vifupisho, majina ya kampuni, neno kanzidata lenyewe. Yaliyowasaidia yalianza na kitendo: tafuta vitabu, tafuta makala. Kabla yake, mwaka 1986, mtafiti Christine Borgman aliuliza kwa nini katalogi za kompyuta ni ngumu kutumia. Miaka 10 baadaye akachapisha makala nyingine kuuliza kwa nini bado ni ngumu. Sehemu kubwa ya jibu lake ilikuwa kwamba zimejengwa bila kuelewa vya kutosha jinsi watu wanavyotafuta: zinamdai msomaji aje na swali lililokwisha kunyooka, wakati mtu hutafuta kwa kupapasa, akilibadilisha swali kadiri anavyoona.

Swali linalofuata huwa: tunahitaji watu wangapi? Wengi hudhani mamia, kama utafiti wa dodoso. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba katika miradi waliyoichunguza mtumiaji mmoja kwa wastani hufichua kama asilimia 31 ya matatizo. Wa pili hurudia baadhi ya yale yale na kuongeza mapya machache, na kuendelea hivyo. Ukipiga hesabu, watu 5 hufichua karibu asilimia 85. Hapo ndipo ulipotoka usemi maarufu kwamba watu 5 wanatosha.

Usemi huo unahitaji kushikwa kwa uangalifu. Mwaka 2003 mtafiti Laura Faulkner alichukua watumiaji 60 na kuchota makundi ya watu 5 bila kuchagua. Kuna makundi yaliyofichua asilimia 99 ya matatizo, na kuna lililoambulia asilimia 55. Kwa maktaba ya chuo hiyo ina maana kubwa, kwani wasomaji wake si wa aina moja. Watano wa mwaka wa kwanza hawatakuonyesha anachokutana nacho mwanafunzi wa uzamivu aliyeko mkoani. Chukua watano wa kila aina, rekebisha ulichokiona, kisha upime tena na wengine watano. Mizunguko mitatu midogo ina faida kuliko mmoja mkubwa, kwa sababu kosa la mlangoni likiondolewa ndipo makosa ya ndani yanapoanza kuonekana. Katika mfano wetu hakuna anayejua kama makala ingefunguka vizuri kwenye simu, maana mshiriki hakufika huko.

Idadi hiyo ni ya kutafutia makosa. Huwezi kusema "asilimia 60 ya wanafunzi wetu hushindwa" kwa kuwa watatu kati ya watano walishindwa.

Hapa panafaa kuzungumzia dodoso, kwa sababu kwa wengi kupima ni kuuliza maoni. Dodoso lina mahali pake. Linalojulikana zaidi ni lile aliloliunda John Brooke mwaka 1986: kauli 10, kila moja mshiriki huikubali au kuikataa kwa ngazi 5, na majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Wastani wa mifumo mingi ni 68, na alama hizo hazisomwi kama asilimia. Linakupa kipimajoto cha kulinganisha tovuti ya jana na ya leo, lakini halikuambii panapouma. Kwa kauli za "umependa?" peke yake, sitaki hata kuzitegemea. Watu husifia tovuti iliyowashinda, hasa ikiwa na picha nzuri na rangi za chuo.

Wingi wa waingiaji nao unadanganya. Mtu aliyetafuta mara sita bila kupata anahesabiwa kama utafutaji sita. Ripoti itasema matumizi yamepanda. Rekodi hizo zitazame kwa jicho jingine: ni maneno gani watu wameandika yakaleta sifuri? Orodha hiyo ni hazina, na maktaba nyingi zinayo ndani ya mfumo wao bila kuifungua.

Ukiifungua kwenye maktaba zetu utakutana na jambo ambalo miongozo mingi ya nje hailigusi: jinsi Kiswahili kinavyotafutwa. Mashine nyingi za kutafuta zimezoea lugha inayobadilisha maneno mwishoni. Zinajua kukata mkia wa neno la Kiingereza na kuunganisha umoja na wingi. Kiswahili hubadilika kichwani. Mkulima, wakulima, kilimo, ukulima: kwetu ni ukoo mmoja, kwa mashine ni maneno manne yasiyojuana. Aliyeandika "ugonjwa" hapati tasnifu yenye "magonjwa" kwenye kichwa chake. Ile nyota inayofundishwa kwenye semina, ya kuweka mwishoni mwa neno ili mfumo ulete yote yanayoanza hivyo, haimsaidii, kwa sababu kinachobadilika kiko mbele, na mifumo mingi hairuhusu nyota mwanzoni. Ongeza tahajia: muhogo, mhogo. Ongeza vichwa vya mada, yaani maneno ya kuonyesha kitabu kinahusu nini, ambavyo vyuo vingi huchukua kwa Kiingereza kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, kiasi kwamba kitabu cha ushairi kisicho na neno "ushairi" katika jina lake hakitokei kwa anayetafuta kwa Kiswahili.

Majina ya waandishi ni shida nyingine. Said Ahmed Mohamed ameandika riwaya kwa jina hilo, na makala za kitaaluma kama Said A. M. Khamis. Mfumo usiounganisha majina hayo mawili unamgawa mtu mmoja. Hata jina likiwa moja, msomaji hujui ataanza na lipi, la kwanza au la mwisho, mpaka umtazame akiandika.

Mambo haya yanarekebishika. Mkutubi anaweza kuongeza vichwa vya mada vya Kiswahili, maneno ya umoja na wingi katika maelezo ya tasnifu, na rejeo kutoka jina moja kwenda jingine. Ni kazi ya mkono na ni ndefu. Ndiyo maana ni muhimu kujua kwanza maneno gani watu wanayaandika kweli, mkono uanzie hapo.

Mazingira nayo yaingie kwenye jaribio. Ukipima kwenye kompyuta za maktaba tu, umepima mahali ambapo mambo ni mepesi kuliko pengine popote, kwa sababu kanzidata nyingi humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo na kumfungulia bila nywila. Akitoka getini, hapo hapo anakuwa mgeni. Mpime akiwa nje, kwa simu yake, kwa bando, uone tasnifu iliyoskaniwa yenye megabaiti 80 inavyomkatisha tamaa. Na usimwache nje msomaji asiyeona. Anatumia programu inayosoma skrini kwa sauti, kwa mfano NVDA ambayo ni ya bure. Tasnifu iliyoskaniwa kama picha bila maandishi yake kutambuliwa ni ukurasa mtupu kwake, hata kama mfumo unaiita "inapatikana". Jaribio moja na msomaji mmoja wa namna hiyo hufundisha zaidi ya waraka mzima wa sera.

Wapo wanaosema dawa ni kisanduku kimoja kinachotafuta kila mahali. Huduma za namna hiyo zipo sokoni tangu Summon ilipotoka mwaka 2009, na kweli zinapunguza kizunguzungu cha "niende wapi". Lakini huleta maelfu ya matokeo yaliyochanganyika, na hazigusi tatizo la nywila wala la Kiswahili. Zipimwe kama vingine.

Semina je? Sizikatai. Kumfundisha mtu kutofautisha jarida la kweli na la utapeli ni elimu itakayomfaa maisha yake yote. Kumfundisha kwamba "IR" ni tasnifu na "OPAC" ni vitabu ni kumtwisha mwanafunzi kazi ambayo ingeisha kwa kubadilisha maneno mawili kwenye ukurasa, na mwakani wanakuja wengine, ufundishe upya.

Kuna suala la faragha pia. Ukimrekodi mshiriki, sauti na skrini yake ni taarifa binafsi. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa hizo tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Omba ridhaa kwa maandishi, mweleze rekodi itatazamwa na nani na itafutwa lini, na usimwombe atumie nywila yake mbele ya kamera.

Yapo yaliyo nje ya uwezo wa mkutubi. Ukurasa wa kampuni ya majarida hawezi kuugusa. Hata hivyo kabla ya kununua, kampuni nyingi hutoa kipindi cha majaribio, mara nyingi kama mwezi mmoja, na kipindi hicho kwa kawaida hutumika kuangalia orodha ya majarida na bei. Hapo ndipo pa kuwaita wanafunzi watano wa kilimo, watano wa uuguzi, na mmoja asiyeona, kila mmoja na simu yake, nje ya geti. Wakishindwa kufungua makala, kipande cha video cha dakika mbili kiwekwe mezani siku ushirika wa maktaba unapokaa na kampuni hiyo, mkataba ukiwa bado haujasainiwa.